Basi Hao Wawili Wakaendelea

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumatatu dada mmoja wa ushirika wetu aliniandikia ujumbe akiomba maombi. Mwezi ujao anampeleka mume wake kwao kwa mara ya kwanza, baada ya miaka mingi ya kuishi ugenini. Aliomba tuombee safari, afya, na fedha ziwatoshe. Nikamjibu, "Amina, tunaomba," kisha nikabaki na simu mkononi. Mimi na mume wangu tumerudi kutoka safari kama hiyo majuzi tu. Majira yote ya kiangazi tulikuwa kwetu. Safari ilikuwa salama, afya tulikuwa nayo, fedha zilitosha. Aliyemuumiza mume wangu huko ni mimi.

Basi wiki hii nimekaa katika Ruthu sura ya kwanza, na sijaweza kutoka. Mnaijua. Mstari wa 16, Ruthu anapomwambia Naomi mama mkwe wake, tumeusikia kwenye harusi nyingi: "Wewe uendako nitakwenda, na wewe ukaapo nitakaa." Lakini nendeni mbele kidogo. Naomi amekaa Moabu yapata miaka kumi. Anarudi Bethlehemu, mji wote unataharuki, wanawake wanaulizana, "Je! Huyu ni Naomi?" Naye anawaambia wasimwite Naomi tena, wamwite Mara, yaani uchungu. Kisha, mstari wa 21: "Mimi nalitoka hali nimejaa, naye BWANA amenirudisha sina kitu."

Sina kitu! Na Ruthu yuko pale pale kando yake. Ameacha baba na mama, ameacha nchi aliyozaliwa, ametembea njia yote ile pamoja naye, na sasa anasikia akitajwa kuwa si kitu mbele ya mji asioujua. Anayetukumbusha kwamba Ruthu alikuwepo ni mwandishi, katika mstari wa 22: Naomi akarudi, "na Ruthu, Mmoabi, mkwewe, pamoja naye." Naomi mwenyewe hakumtambulisha kwa mtu.

Simhukumu Naomi. Alikuwa amezika mume na wana wawili, na uchungu ulimfunga macho. Mimi sikuwa nimezika mtu. Nilikuwa na furaha tu, na furaha nayo hufunga macho vilevile.

Niwaeleze ilivyokuwa. Miaka 11 nilikuwa nimeishi ugenini, katika nchi ya mume wangu. Nilipofika nyumbani na kusikia lugha yangu kila upande, ilikuwa kama mtu aliyebanwa kifua akapata pumzi. Nilizungumza bila kutafuta maneno. Niliwachekesha watu. Huko ugenini mimi si mtu wa kuchekesha watu, ni mtu mtaratibu anayepanga sentensi kichwani kabla ya kuisema. Kwetu nilikuwa mimi tena. Nikasahau kwamba kuna mtu amekaa pembeni yangu anayecheka baada ya wengine kucheka, kwa sababu ameona nyuso zao.

Aliponiuliza, "Wamesema nini?" nilimjibu, "Nitakueleza baadaye." Hiyo baadaye haikufika. Aliyemsaidia alikuwa mpwa wangu wa miaka tisa. Alimkalia karibu na kumfundisha maneno kwa vidole na michoro. Mtoto aliona kitu ambacho mke hakukiona.

Wiki ya tatu, usiku, mume wangu aliniambia taratibu bila hasira: "Leo nimehesabu. Umeniambia mambo matatu. Sogea. Subiri. Nitakueleza baadaye." Akageukia ukutani.

Jibu lililonijia kwanza lilikuwa la kujitetea, na nalikiri mbele yenu. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nimevumilia hayo miaka 11 katika nchi yake. Namshukuru Mungu sikulisema, kwa sababu lingekuwa uongo. Tangu siku ya kwanza kati ya ndugu zake, mtu huyu aliniinamia sikioni kila dakika chache na kunieleza linalosemwa. Barua za ofisi za uhamiaji alinisomea mstari kwa mstari mpaka nikaelewa. Watu walipocheka, alisimamisha mazungumzo ya meza nzima ili mimi nami nijue kilichochekesha. Nilitendewa kama mzalia. Kisha zamu yangu ilipofika, nilimgeuza mwenzangu kuwa mzigo wa safari.

Mambo ya Walawi 19:34 inatuambia mgeni akaaye pamoja nasi awe kwetu kama mzalia, tumpende kama nafsi zetu, "kwa kuwa ninyi mlikuwa wageni katika nchi ya Misri." Andiko hili huwa tunalitumia kuwakumbusha wenyeji wa nchi tulizohamia wajibu wao kwetu. Nami nimelitumia hivyo mara nyingi, kwa sauti kubwa. Wiki hii limenigeukia. Aliyekuwa Misri ni mimi. Ninayeujua moyo wa mgeni ni mimi. Wazazi wangu hawajawahi kuwa wageni popote, wangejuaje kinachomuuma mtu asiyeelewa hata neno moja katika chumba kilichojaa sauti? Mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Ndugu zangu, hapa naomba mniruhusu niseme kwa ukali kidogo. Tunarudi kwetu na waume zetu na wake zetu, tunawaonyesha watu picha, tunagawa zawadi, tunaulizwa "huko maisha yakoje" na tunajibu kwa saa nzima, na mtu aliyebeba nusu ya maisha hayo amekaa kimya mbele ya wote. Halafu tunalalamika kwamba jamaa zetu hawajamzoea. Wamzoee vipi, kama hatujawaambia yeye ni nani? Mama yangu kwa wiki tatu alimwita "huyo mgeni wako." Nilikasirika moyoni, nikamwona mama ni mgumu. Lakini mimi ndiye niliyemfikisha mume wangu mlangoni na kumwacha hapo.

Tazameni Boazi, mwenye shamba, anavyozungumza na Ruthu katika sura ya pili. "Nimeelezwa kwa kinaganaga yote uliyomtendea mkweo." Ameelezwa! Kuna mtu pale Bethlehemu aliyefungua kinywa akasimulia habari za huyu Mmoabi: alivyoacha wazazi wake, alivyoifuata nyumba ya msiba kwa hiari yake. Biblia haisemi ni nani. Lakini kwa sababu ya masimulizi hayo, Ruthu hakuokota masuke siku ile kama mtu asiyejulikana. Boazi alimwita, akamwambia asiende shamba lingine, akawakataza vijana wake wasimguse.

Neno hilo, kinaganaga, lilinitoa usingizini tukiwa bado kwetu. Jumapili iliyofuata, jioni, tulipokuwa tumekaa wote, niliomba nafasi ya kusema. Nikawaeleza kuhusu mwaka babu alipofariki. Babu ndiye aliyenilea. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, ningetoka nchini nisingeruhusiwa kurudi. Wote pale nyumbani walijua kwamba sikuja mazishini. Wengine walikuwa hawajanisamehe. Wasichojua ni kwamba mume wangu aliomba ruhusa kazini siku tatu, akakaa nami sakafuni. Siku ya maziko tulifuata ibada kwa simu. Hakuelewa neno hata moja la lugha yetu. Lakini kila waombolezaji waliposimama, alisimama. Walipoinamisha vichwa, aliinamisha chake. Tulikuwa wawili tu katika chumba kidogo, hakuna aliyetuona, naye alisimama mpaka kaburi likafunikwa, dakika arobaini, kwa ajili ya mzee ambaye hakuwahi kukutana naye.

Nilikuwa nikisimulia kwa lugha yetu, na kila baada ya sentensi mbili nilimgeukia nikamwambia kwa yake nilichosema. Aliona haya, akatazama chini. Mama alinyamaza kwa muda. Kisha akanyanyuka, akamwendea, akamshika mikono yote miwili na kumwita kwa jina lake. Hakuwahi kulitamka kabla ya siku ile. Alilikosea kidogo, na mume wangu aliitika.

Kuna mengine ningeweza kusema. Yakobo, BWANA alipomwambia arudi nchi ya baba zake, kwanza aliwaita Raheli na Lea kondeni akazungumza nao, Mwanzo 31. Safari ikawa ya wote. Na Miriamu na Haruni walipomsema Musa kwa ajili ya mke wake Mkushi, mnakumbuka Bwana alivyoshuka katika nguzo ya wingu. Someni wenyewe Hesabu 12, na wenye jamaa wanaosema vibaya mkwe wa kigeni wasome mara mbili.

Lakini narudi kwa yule dada. Mpendwa, tunaiombea safari, afya na fedha. Nami nimeongeza ombi la nne, kwamba furaha yako isikufunge macho. Kaa karibu naye. Mtafsirie hata mambo madogo, hata utani usiofaa kutafsiriwa, hata ukichoka, maana utachoka. Utatamani jioni moja tu ya kuzungumza bila kusimama. Mwambie hivyo wazi, naye atakupa jioni hiyo. Mume wangu alinipa nyingi mara nilipojifunza kuomba. Na wasimulie watu wako mume wako ni nani, kinaganaga, akiwa anasikia.

Wanawake wa Bethlehemu walikuja kumwambia Naomi katika sura ya nne kwamba mkwe huyu "anakufaa kuliko watoto saba." Majirani ndio walioliona na kulisema.

Kesho jioni tunapiga simu nyumbani. Mume wangu ameomba aanze yeye. Ameandika sentensi zake tano kwenye kikaratasi, mpwa wangu alimsahihishia mbili kwa ujumbe wa sauti, na nimemwahidi sitaingilia mpaka azimalize zote.