Kona zetu zinaning'inia ukutani

Jumamosi, baada ya alasiri

Chumba chetu cha maandalizi si chetu peke yetu. Asubuhi tuna watoto wa miaka minne na mitano, mchana unaingia mkondo mwengine wa wanafunzi wakubwa, na madawati yao yamepangwa nyuma ya chumba yakisubiri zamu. Mwalimu anayetaka kuweka kona za kujifunzia, yaani sehemu za chumba ambako mtoto anachagua mwenyewe la kufanya, katika skuli kama hii yetu, huku kusini mwa Pemba, hawezi kuiga zile picha za makabati yaliyojaa vitu na zulia kila pembe. Kwa hiyo mwaka huu mimi na mwenzangu tumezifanya kona zetu za kutundika. Kila kona ina mkeka wake wa kukunja na pakacha lake, na kila pakacha lina msumari wake ukutani, kwa kimo ambacho mtoto wa miaka minne anafika bila kupanda juu ya kitu. Vile vidogo vidogo vinakaa kwenye vikapu vya ukili, maana pakacha lina matundu. Muda wetu ukimalizika watoto wenyewe wanakunja mikeka na kurudisha kila kitu, na wenzetu wa mchana wanakikuta chumba kitupu.

Nimekaa kuandika kwa sababu wiki nzima kichwa changu kimekuwa kwenye kona hizi, na kwa sababu walimu wenzangu wa skuli nyengine wamekuwa wakiniuliza tunawezaje.

Mimi ninashikilia jambo moja tu, na mengine yote nayapima kwa hilo: kona ni mahali pa mtoto kuamua. Mtoto akiwa lazima aniombe ruhusa, aniombe nimshushie kitu, kisha aniulize kinarudi wapi, hapo kona haipo, hata ikiwa imepambwa vipi. Ndiyo maana msumari uko chini. Ndiyo maana kila pakacha lina picha ya kilichomo na neno lake chini ya picha. Ndiyo maana tukatafuta vibanio vya nguo.

Vibanio vimetuondolea ugomvi mwingi. Kila mtoto ana kibanio chenye alama aliyoichagua, mmoja samaki, mwengine embe, mwengine ng'alawa. Kila kona ina ukanda wa kadibodi wenye nukta. Kona ya kujengea ina nukta nne, kona ya vitabu tatu. Mtoto anabana kibanio chake juu ya nukta, na nukta zikijaa anajua kwa macho yake kwamba asubiri au aende kwengine. Sisemi "hapa pamejaa" tena. Wanahesabu wenyewe, tena wanahesabu kwa uchungu, maana kila mmoja ana analolitaka.

Kupanga mahali nako kuna hesabu yake. Kona za kelele ziko upande mmoja, za utulivu upande mwengine. Vitabu viko chini ya dirisha ili mtoto apate mwanga. Vipande vya mbao vya kujengea, ambavyo ni masalia ya fundi seremala tuliyoyapiga msasa mpaka yakawa laini, viko mbali na njia ya mlangoni, kwani mnara wa mtoto ukiangushwa na mpita njia asubuhi yake imeharibika. Maji na mchanga viko nje kibarazani. Vizibo na komwe tunavitoa tukiwa karibu tu, kwa sababu ya wale ambao bado wanapeleka kila kitu mdomoni.

Hakuna katika haya tulilolibuni sisi. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto mtaa wa San Lorenzo, Roma, Januari 1907, alitaka meza, viti na makabati yawe ya kimo cha mtoto. Marekani, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, mwanasaikolojia David Weikart na wenzake walianza 1962 kazi na watoto wa familia maskini, na humo ndimo ulimokua mtindo tunaoufuata hadi leo: mtoto anasema atafanya nini, anafanya, kisha anaeleza alichofanya. Kwetu njia hiyo imeingia kwa mlango wa madrasa. Programu ya madrasa ya elimu ya watoto wadogo, chini ya taasisi ya Aga Khan, ilianzia Mombasa miaka ya 1980 ikafika Zanzibar 1990, na walimu waliopita huko ndio dada zetu wakubwa katika kazi hii. Baadaye vikaja vituo vya TUTU, Tucheze Tujifunze, na vipindi vyake vya redio. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 nayo ikaiingiza miaka miwili ya maandalizi katika elimu ya lazima. Nayataja kwa sababu kuna wanaodhani kona ni mtindo mpya wa juzi.

Sasa nije kwenye kona niipendayo kuliko zote.

Kwenye ungo tumemimina karafuu kavu, kiasi cha mikono miwili, pamoja na makonyo yake, yaani vile vijiti vinavyoishika. Kazi ni kuchambua: karafuu kwenye kifuu hiki, makonyo kwenye kifuu kile. Watoto wetu wanaijua kazi hii tangu wanajifunza kutembea, wameiona majamvini kila msimu. Na ni kazi ya vidole. Ukimtazama mtoto anavyochopoa konyo moja katikati ya karafuu, anatumia dole gumba, kidole cha shahada na cha kati, vile vile vitatu vitakavyoshika kalamu. Harufu inajaa chumba kizima, na wale wa kona ya kujengea wanapiga chafya.

Tuna mtoto mmoja ambaye tangu mwaka uanze alikuwa hajasema neno kwenye duara la asubuhi. Anakaa, anasikiliza, ukimuuliza anainamisha kichwa. Jumanne alibana kibanio chake kwenye kona ya karafuu. Nikakaa jirani, kimya, nikijifanya nashona kitabu. Akaokota karafuu moja iliyopauka na kunyauka, akainusa, akamwonesha mwenziwe: "Hii mpeta hii. ZSTC hawaitaki." (ZSTC ndilo shirika la serikali linalonunua karafuu.) Mwenziwe akauliza kwa nini. Akaeleza, kwa sauti yake ndogo, kwamba karafuu ikilazwa mbichi kwenye gunia bila kuanikwa inaharibika, na baba yake hugombeza akiiona. Kisha akaanza kuzitoa mpeta zote na kuziweka kwenye kifuu cha tatu, ambacho sikukiweka mimi, alikwenda kukichukua mwenyewe kwenye kona ya nyumbani. Mwengine akasema makonyo yapelekwe Wawi kiwandani yakatolewe mafuta. Ndani ya asubuhi ile ile kona ya duka ikageuka kituo cha kununulia karafuu, na mizani yake ya fimbo na vifuu viwili ikawa haina mapumziko.

Mtoto yule hakuwa bubu wala mzito wa akili. Alikuwa anasubiri aulizwe jambo analolijua.

Kona ya mchanga nayo ina habari yake. Tulikuwa na vikopo vya kawaida, watoto wanajaza na kumwaga. Bibi mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake akasimama kibarazani akitazama, akaniambia, "Mwalimu, wafundishe kupima kama tulivyopima sisi." Siku ya pili akaja na kibaba chake cha zamani kwenye mkoba. Akavua viatu, akakaa mchangani na watoto. Akajaza kibaba, akapitisha kiganja juu, mchanga uliozidi ukaanguka: "Hiki cha mfuto." Akajaza tena mpaka pakasimama kilima: "Hiki cha tele." Akamimina vibaba vinne vya mfuto kwenye ndoo ndogo, akawaambia hiyo ndiyo pishi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona heshima ambayo watoto wale walikuwa nayo kwa mikono yake. Tangu siku hiyo hakuna anayekubali kuuziwa mfuto kwenye kona ya duka. "Nipe cha tele, Mangi!" wanapiga kelele, na muuzaji anapitisha kiganja kwa nguvu.

Si wazee wote wa watoto wanaoridhika. Baba mmoja alinijia wiki hii na swali la haki kabisa: mtoto wake anacheza kutwa, daftari liko wapi? Nilimheshimu kwa kuja, wengi hunung'unika njiani tu. Nikampa karatasi ya mtoto wake ya kona ya mchanga, ambapo amechora kijistari kwa kila kibaba alichokimimina, na kila vinne vikifika amevizungushia duara. Nikamweleza kwamba zile ni hesabu, na kwamba herufi zinakuja, ila mkono lazima uwe na nguvu na kichwa kiwe na la kuandika. Aliitazama karatasi muda mrefu. Hakuniambia amekubali. Aliomba aende nayo nyumbani, nami nikampa.

Kona ya nyumbani haina shida ya wateja. Kuna kinu kidogo na mchi wake, upawa, kawa, sufuria zilizochakaa, na mbuzi ya kukunia nazi tuliyoitoa meno. Msichana mmoja alimwambia mvulana atoke kwani wanaume hawapiki. Akamjibu hapo hapo, "Mie mpishi wa harusi," akafunga kanga kiunoni na kuanza kupalilia moto wa biriani. Sikuwa na la kuongeza. Kila mtoto hapa kijijini ameshaona nani hukoroga yale masufuria makubwa.

Inayonisumbua ni kona ya vitabu. Nukta zake tatu hazijai hata siku moja. Vitabu tulivyonavyo ni vichache, vimechakaa, na vingi vina picha za theluji na wanyama ambao mtoto wa hapa hajawahi kuwaona. Nimezungumza na mwenzangu, na kuanzia Jumatatu tutajaribu kushona vitabu vyetu kutokana na ule muda wa kukumbuka, watoto wanapokaa duara na kueleza walichofanya. Watasema, sisi tutaandika maneno yao kama walivyoyatamka, wao watachora. Kitabu cha kwanza kitakuwa cha karafuu, cha pili cha kibaba, na bibi ameshakubali kuja kutuhadithia zaidi. Karatasi tunatumia kalenda za miaka iliyopita, upande wa nyuma ambao ni mweupe. Mwenye nazo nyumbani asizitupe, azipeleke skuli ya maandalizi iliyo karibu naye, na akifika awaulize walimu kama vibanio vya nguo vinawatosha.