Vichanga Waliopotea Kwenye Ripoti

Mwaka 2015 nilikuwa fundi kompyuta katika hospitali moja hapa Dar es Salaam, upande wa Ilala. Takwimu za afya zilishahamia DHIS2, mfumo wa kwenye intaneti uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo. Masjala yetu bado iliandikisha wagonjwa kwa FoxPro, programu ya zamani ya kutunza kumbukumbu, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari ya mwaka huohuo. Kila mwisho wa mwezi mama wa takwimu aliinamia vitabu vya MTUHA, yaani rejista za serikali za kuandikia wagonjwa, akihesabu mstari kwa mstari, kisha akaingiza jumla kwenye DHIS2 kwa mkono.

Nikapewa kazi ya kuiunganisha mifumo hiyo. Kompyuta ya masjala hatukuipa intaneti kabisa, na hadi leo naona tulifanya vyema: mashine kuukuu iliyobeba majina ya wagonjwa haiachwi mlango wazi. Usiku mafaili yake yalinakiliwa kwenye kompyuta ya pili. Huko programu niliyoandika ilihesabu wagonjwa kwa ugonjwa na umri, ikatuma jumla tu: kituo, mwezi, ugonjwa, idadi.

Ripoti ya kwanza ikapita. DHIS2 ikajibu kwamba imepokea kila kitu. Nikamchapishia mama nakala. Akavaa miwani, akashusha kalamu kwenye safu ya kwanza ya umri, ile ya chini ya mwezi mmoja. Sifuri tupu, juu hadi chini.

"Mwanangu, mwezi mzima hatukuona kichanga hata mmoja?"

Akafungua Kitabu namba 5, cha wagonjwa wa nje. Wapo! Siku 9. Wiki 3. Wiki 2. Kisanduku cha umri kwenye FoxPro kilikubali miaka kamili peke yake, hivyo wote waliingia kama 0, sawa na mtoto wa miezi 11, na wote wakahesabiwa safu ya pili. Mashine zote mbili ziliridhika. Lakini homa ya kichanga wa siku 9 ni dharura, na anayepanga dawa na wauguzi kwa kutazama ripoti ile asingejua kwamba watoto hao walifika kwetu.

"Tazama kwenye kisanduku cha maelezo," mama akasema. "Mabinti wa dirishani huwa wanaandika humo."

Kweli. "wk 3", "wiki tatu", "siku9", "cku 12". Tukakaa mchana kutwa, yeye akinitajia kila namna wanavyofupisha, mimi nikiingiza kwenye programu. Kwa mwenye 0 asiye na maelezo, akakataa katakata tumkisie: jina lichapishwe kwenye orodha, na orodha apewe yeye.

Mwezi uliofuata orodha ilitoka. Akaichukua, akaenda nayo chumba cha kadi kutafuta tarehe za kuzaliwa, na ripoti haikutumwa mpaka aliporudi.