Kola ya karatasi: kutoka kwenye kompyuta hadi mabegani mwa mchezaji

Kikundi kimoja cha sanaa hapa Dar kilikuwa kinaandaa onyesho la jukwaani. Mchezaji wao mkuu alitakiwa avae kitu kikubwa cha shingoni na mabegani, kinachoonekana hata na mtu aliyekaa kiti cha mwisho. Kiwe chepesi, kisimzuie kucheza, na kiweze kukunjwa kikaingia begini kwa sababu wanasafiri kwa mabasi. Bajeti yenyewe ilikuwa ya nauli na chai. Kitambaa hakisimami bila waya au plastiki ndani yake, lakini karatasi iliyokunjwa inajisimamia. Nikawaambia nitatumia karatasi. Walicheka kwanza, kisha wakakubali.

Karatasi mwilini si jambo jipya. Wajapani wamevaa nguo za karatasi, kamiko, kwa karne nyingi, wakiipaka karatasi uji wa kiazi cha konnyaku ili iwe ngumu na istahimili maji. Mwaka 1966 kampuni ya Scott ya Marekani iliuza magauni ya karatasi ya kuvaa mara chache na kutupa, na karatasi yenyewe ilitiwa nyuzi za rayoni ndani. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba karatasi tupu haitoshi, lakini hilo nililiacha kwanza. Nilianza na umbo.

Umbo nililolitaka linatokana na mkunjo wa Koryo Miura, mhandisi wa Kijapani wa mambo ya anga. Mkunjo huo, Miura-ori, ulijaribiwa angani mwaka 1995 kwenye chombo cha Space Flyer Unit kama njia ya kukunja na kukunjua paneli za sola. Mpangilio wake ni rahisi kuueleza kwa mtu anayejua sketi ya marinda: unakunja karatasi marinda, kisha unayavunja marinda hayo kwa mistari ya zigizaga inayokata kwenda upande. Ukivuta pembe mbili za karatasi, yote inafunguka kwa mpigo mmoja. Tatizo ni kwamba Miura ya kawaida inabaki bapa, na bega la mtu si bapa.

Dawa yake iko kwenye pembe ambayo zigizaga inakata rinda. Zigizaga zote zikiwa na pembe moja, kila safu inageuka kiasi kilekile kwenda na kurudi, na karatasi inabaki imenyooka. Ukipishanisha pembe mbili tofauti, safu inageuka zaidi upande mmoja kuliko inavyorudi, na tofauti hiyo ikijumlishwa safu baada ya safu inakuwa upinde. Nikaongeza jambo la pili: marinda yenyewe yawe membamba shingoni na mapana chini, ili kipande kizima kitanuke kuelekea mabegani.

Kuna sheria mbili ambazo huwezi kuzikwepa. Kila mahali mistari minne inapokutana, mitatu lazima ikunjwe upande mmoja na mmoja upande wa pili. Na pembe zinazotazamana kwenye makutano hayo, ukizijumlisha, lazima zifike nyuzi 180, la sivyo karatasi haitalala bapa ikikunjwa. Kuchora hivyo kwa mkono, makutano baada ya makutano, ni adhabu. Nikaandika skripti ndogo, yaani programu fupi, kwa lugha ya kompyuta ya Python: mstari wa zigizaga ukifika kwenye rinda, unavuka na kuendelea upande wa pili kwa pembe ileile, mithili ya taswira ya upande wa kwanza kwenye kioo. Ukifanya hivyo sheria ya nyuzi 180 inajitimiza yenyewe. Skripti inatema faili la SVG, aina ya faili la mchoro wa mistari, na kwa kuwa SVG ni maandishi matupu, hakuna uchawi wowote wa kuiandika.

Faili hilo nililifungua kwenye Origami Simulator, programu ya bure ya Amanda Ghassaei inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Inasoma rangi: nyekundu ni mkunjo wa mlima (unaochongoka juu), buluu ni wa bonde (unaozama chini), nyeusi ni ukingo. Unasogeza kitufe, karatasi inajikunja mbele ya macho yako. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba inaweza kuonyesha mahali karatasi inapolazimishwa kuvutika kupita uwezo wake. Panapokuwa pekundu, ujue karatasi halisi itajikunja hovyo au itachanika. Niliitumia kuchuja. Tofauti ya pembe ikizidi, wekundu unatapakaa, nami napunguza. Umbo likitulia, unalitoa kama faili la OBJ, yaani la umbo la 3D, na kulipeleka Blender, programu ya bure ya kuchora vitu vya 3D.

Blender nayo ilikuwa inasubiri mwili. Kumpiga picha mtu pande zote ili kompyuta imgeuze kuwa modeli ya 3D kunasikika rahisi, lakini mtu anapumua na kuyumba, na modeli inatoka na shingo mbili. Njia iliyonifaa ni ya mafundi wa mavazi ya jukwaani: mchezaji alivaa fulana kuukuu juu ya nailoni ya kufungia chakula, tukamzungushia selotepu ya kahawia kiunoni, kifuani, mabegani hadi shingoni, kisha tukaikata kwa nyuma kwa mkasi butu na kumtoa. Ganda lile tukalijaza vitambaa chakavu vya kwa fundi. Hapo una sanamu isiyopumua yenye mabega ya mtu mwenyewe, hata lile la kulia lililoshuka kidogo kuliko la kushoto.

Selotepu inang'aa, na programu za kuunganisha picha hazipendi kinachong'aa wala kisicho na alama. Nikabandika vipande vya gazeti mwili mzima wa sanamu. Picha nikaziunganisha kwa Meshroom, ambayo ni ya bure, ila hatua yake nzito inadai kadi ya michoro ya NVIDIA. Kompyuta yangu haina, ikabidi niombe ya rafiki. Modeli inayotoka haijui ukubwa wake. Nilikuwa nimechora misalaba miwili kifuani mwa sanamu na kupima umbali kati yake kwa rula, na ndani ya Blender nikaivuta modeli hadi umbali ukalingana.

Sasa sehemu ambayo naiona ndiyo kazi yenyewe. Kwenye skrini karatasi inakunjwa kiasi unachotaka na inakaa hapo. Karatasi ya kweli ina maoni yake: ukiikunja na kuiachia, inafunguka kiasi, na kiasi hicho kinategemea aina, unene, na mwelekeo wa nyuzi zake. Kwa hiyo kabla ya kuamua umbo la mwisho nilikata vipande vya karatasi nilizozipata Kariakoo, nikavikunja marinda, nikavibana chini ya vitabu, kisha nikaviachia vilale usiku kucha. Asubuhi nikavipima kwa kipimapembe. Manila ilifunguka sana na mgongo wa mkunjo ulikuwa umeanza kupasuka. Kaki ya gramu 120 kwa mita ya mraba ilitulia kwenye nyuzi 70 hivi kati ya uso na uso, na mkunjo wake ulikuwa mzima. Kaki ina nyuzi ndefu, ndiyo maana mifuko ya saruji hutengenezwa kwayo.

Nyuzi 70 hizo nikazirudisha kwenye programu. Origami Simulator inasoma kiasi cha mkunjo kutoka kwenye uzito wa rangi ya mstari: rangi kamili ni nyuzi 180, nusu yake ni 90. Karatasi iliyobaki wazi nyuzi 70 imekunjwa nyuzi 110, na 110 kugawa kwa 180 ni 0.61. Nikaandika 0.61 kwenye skripti, na kuanzia hapo umbo la kwenye skrini likawa la kaki yangu.

Kipimo hichohicho kikanipa shingo. Shingo ya mchezaji ni sentimita 34. Nikaongeza 4 za kupumulia, zikawa 38. Rinda lililobaki wazi nyuzi 70 linachukua upana wa sini ya nyuzi 35, yaani 0.57 ya karatasi iliyonyooshwa. 38 kugawa kwa 0.57 ni karibu sentimita 66, na huo ndio urefu wa ukingo wa shingo kwenye karatasi bapa. Anayepima shingo kwa futi kamba na kukata kwa urefu huohuo atapata kola ya mtoto.

Mwelekeo wa nyuzi nao usipuuzwe. Lowesha upande mmoja wa kipande kidogo kwa kidole. Kitajiviringisha, na mrija unaojitengeneza umelala sambamba na nyuzi. Marinda marefu ukiyapanga kufuata nyuzi yanakunjika safi. Kwenye karatasi ya rola nyuzi zinafuata upande ambao rola inakunjuka, kwa hiyo nilizungusha mchoro ili marinda yalale hivyo kadiri mpanuko ulivyoruhusu.

Kukata nilikwenda kwa vijana wa stika. Mjini hapa kila mtaa una mtu mwenye mashine ya kukatia stika za magari na maduka, na mashine ile kimsingi ni mkono unaotii mchoro. Mwenyewe aliiangalia rola yangu, akanirudishia.

"Kaka, hii ni ya stika. Kisu kikigusa kaki kinakufa."

"Kisu nimekuja nacho, bosi. Wewe nikodishie muda tu."

Mikunjo haikuhitaji kisu hata kidogo. Tulichukua bolpeni iliyoisha wino, tukaifunga mahali pa kisu, tukaongeza mgandamizo hadi mfereji uonekane kwa nyuma. Inachora bila kukata. Nyuzi za karatasi zinabonyea tu. Wengi hutoboatoboa mistari ya mkunjo ili iwe rahisi kukunja. Kwa boksi la zawadi sawa, lakini kwa kitu kitakachofunguka na kufunga kila mchezaji anapogeuza shingo, kila kitobo ni mwanzo wa kuchanika. Bolpeni ikimaliza, bila kuitoa karatasi, tukarudisha kisu kikate ukingo wa nje.

Kwenye makutano ya mistari nilitaka tundu la milimita 2, maana hapo ndipo mikazo yote inakutana na karatasi hupasuka kwanza. Kisu cha mashine hiyo kinaburuzwa nyuma ya mhimili wake, na mviringo mdogo namna hiyo kinauvuta unakuwa yai. Nikaacha bolpeni iweke alama tu, na matundu nikayatoboa kwa kitoboleo cha ngozi nilichoazima kwa fundi viatu. Inachosha mkono, lakini matundu yanatoka safi.

Kukunja ni uvumilivu. Marinda yote kwanza, kwenda na kurudi, hadi karatasi ilegee. Kisha unaanzia katikati, unasukuma kila zigizaga kwa kidole gumba upande mmoja na cha shahada upande wa pili, bila kumaliza hata moja. Kwa muda mrefu haionekani chochote cha maana. Halafu karatasi inaamua. Inajikusanya yote mara moja, na ukiishika kingo mbili unaihisi inavuta yenyewe kuelekea umbo.

Majaribio tulifanyia kwa mama mmoja fundi cherehani, jirani yetu, ambaye vitambaa chakavu vya sanamu vilitoka kwake. Baada ya shikamoo na marahaba alimwangalia mchezaji kwa muda mfupi tu, akamshika kiwiko na kukiinua.

"Mwanangu, mkono ukipanda bega linapanda nalo. Hapa litampiga sikioni."

Sanamu ilikuwa imekaa mikono chini, na modeli vilevile. Nikarudi Blender, nikaipa modeli mifupa ya mabega, nikainua mkono hadi usawa wa kichwa na kutazama bega linapoingia ndani ya kola. Safu mbili za nje juu ya mabega zikaondoka, za mbele na nyuma zikabaki. Kwa macho yangu ikapendeza zaidi hivyo, maana mistari ya mbele ilichongoka.

Yeye ndiye aliyeshona pia utepe wa bafta kwenye ukingo wa shingo, ili jasho liishie kwenye kitambaa, na mkanda wa lastiki unaofungwa nyuma kwa vifungo vya kubonyeza. Vyote pamoja havifiki gramu 100.

Ikabaki hewa ya Dar. Karatasi inakunywa unyevu, na mikunjo iliyokaa nyuzi 70 ndani ya chumba inalegea jioni ya pwani. Gundi ya maji ingeilowesha, kwa hiyo nilipaka vanishi ya maseremala inayoyeyushwa kwa spiriti, tabaka jembamba pande zote mbili, nje kwenye upepo. Ilisaidia, lakini kilichomaliza tatizo ni yale matundu. Nilipitisha mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba, kutoka tundu hadi tundu kwa upande wa ndani, na kuufunga kwa urefu niliousoma kwenye modeli: umbali kati ya kilele na kilele mikunjo ikiwa wazi nyuzi 70. Karatasi inaweza kujifunga, ila haiwezi kufunguka kupita hapo. Vibatari halisi tuliviondoa jukwaani, na hilo halikujadiliwa: kaki yenye vanishi ya spiriti haichezi na moto.

Ikikunjwa bapa inaingia kwenye faili la ofisini. Kwa sasa nahangaika na mkono wa vazi hilohilo. Kiwiko kinapinda upande mmoja tu, na zigizaga za Miura hazipendi kupinda zikiwa zimezungushwa kuwa mrija, kwa hiyo najaribu mkunjo wa Yoshimura wenye vipande vya almasi. Skripti inatoa michoro vizuri. Kaki ya gramu 120 inaonekana nzito mno kwa kazi hiyo, na ya gramu 80 bado sijaipima pembe yake.