Papa haonekani ila moyo unadunda

Aisee jana usiku hapa Uyole na hii baridi ya Juni tumejifunika mablanketi na mdogo wangu tunaangalia Jaws, ile muvi ya papa ya Steven Spielberg ya mwaka 1975, dogo alishasema muvi za zamani hazitishi, haikupita muda kapandisha miguu yote juu ya kochi, na bahari yenyewe kutoka huku ni mbali ajabu!

Kinachonimaliza mimi papa mwenyewe humuoni. Zaidi ya saa nzima ni maji tu, miguu ya waogeleaji imepigwa picha kutokea chini, na baadaye mapipa ya njano aliyofungwa papa yanakatiza juu ya maji na unajua kabisa nani anayavuta. Papa wa mashine alikuwa anawaharibikia kila mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi wamfiche, na hapo ndo utamu ulipo maana unamchora mwenyewe kichwani, mkubwa kuliko wa kwao.

Halafu muziki wa John Williams, noti mbili tu zinajirudia zinaongeza kasi, ukizoea kuzisikia unajua anakuja, kumbe wanakutega! Mkuu wa polisi anamwaga chambo, hakuna muziki wowote, papa huyo katoa kichwa. Dogo alipiga kelele mpaka mama akaamka.

Waongozaji wetu wa Bongo nawapenda sana, ila jini mnamuonyesha mapema mno, mficheni kwanza jamani, sisi tutasubiri tu