Habakuki hakuwa anaongelea kiwanja chako

Kila ikifika Januari utasikia tu makanisani ule mstari wa Biblia, Habakuki 2:2, "iandike njozi", watu wanatoa kalamu wanaandika kiwanja, gari, ndoa, visa ya Canada, wengine wanabandika mpaka picha kwenye manila inapelekwa mbele kuombewa. Jamani kuandika malengo sio dhambi, mi mwenyewe naandika, ila tusimsingizie Habakuki.

Anzia sura ya 1 uone. Nabii Habakuki analia kuhusu nchi yake ya Yuda, dhuluma imejaa, sheria imelegea, anamuuliza Mungu nitalia mpaka lini na hunisikii? Anajibiwa nawaleta Wakaldayo, yaani Wababeli, na hapo ndo anachanganyikiwa kabisa maana hao ni wabaya kuliko hata wale aliokuwa anawalalamikia, inakuwaje mwovu ammeze aliye na haki kuliko yeye na wewe umenyamaza? Basi anasimama kwenye zamu yake anasubiri jibu. Njozi ya kuandikwa ndo hilo jibu, nabii hajapanga chochote hapo, Mungu ndo anasema Babeli nayo itahukumiwa ila kwa wakati wake. Na ile "ijapokawia, ingojee" wala sio ya gari! Yerusalemu ilibomolewa na hao Wababeli 586 KK, Babeli ikaja kuanguka mikononi mwa Koreshi, mfalme wa Uajemi, 539 KK, hiyo ni miaka 47, wengi waliopelekwa utumwani walishazikwa hukohuko.

Halafu shuka chini, maana wengi wanaishia mstari wa 3. Kuna ole tano pale, ya kwanza inampiga anayejirundikia visivyo vyake, nyingine anayejenga mji kwa damu. Sura ya 3 inaishia na mtini usio na maua na zizi halina ng'ombe, na nabii bado anasema atamfurahia Bwana. Hiyo sijaona mtu kaibandika kwenye manila.

Inayonichekesha zaidi ni 1:5, kwamba Mungu anatenda tendo siku zenu ambalo hamtaamini hata mkiambiwa. Mahubiri ya mafanikio wanaipenda hiyo balaa, "pokea!", kanisa zima linaitikia amina. Mstari wa 6 unalitaja tendo lenyewe, ni jeshi la Wakaldayo linakuja kuteka makazi ya watu. Hata Paulo alipoutumia huo mstari wa 5 akihubiri mji wa Antiokia ya Pisidia, Matendo 13:41, alikuwa anawaonya wenye dharau.