Kunde zangu zilivyogoma Mpunguzi, kumbe ni mrututu wa babu

Hii nimechelewa kuandika maana naona aibu kidogo, niliua kunde mara mbili huku nikijiona mkulima.

Babu ana shamba la zabibu Mpunguzi, hii njia ya kutoka Dodoma kwenda Iringa. Mizabibu imezeeka ila bado inazaa, tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari-Machi na tena Agosti-Septemba. Kazi yangu ya mjini ilipokata nikarudi kumsaidia, nikaona nafasi kati ya mistari imekaa bure, nikasema si nipande kunde na mchicha nipate hela ya sabuni. Huku karibu na nyumba zikakubali vizuri tu. Kule kona ya pipa, pale dawa inapochanganywa, zikaota, zikafika kama urefu wa kidole, zikagoma. Majani njano.

Mimi nikiona njano akili inaenda kwenye mbolea, nikamwaga urea. Zikazidi kudhoofu. Nikapanda upya, nikamwaga tena, asee zikafa zote.

Bwana shamba wetu alipopita akachuchumaa akaniuliza njano imeanzia wapi. Nikamwambia juu, kwenye majani machanga. Akasema naitrojeni ikipungua linaanza jani kuukuu la chini, maana mmea unalinyang'anya chakula unapeleka juu, sasa hii yako iko juu na mishipa imebaki kijani, hiyo ni sura ya mmea uliokosa chuma. Akang'oa mche mmoja. Mzizi mfupi, mnene, ncha nyeusi kama imeungua, vile vimizizi vya pembeni hakuna. Akafuata mwingine kule karibu na nyumba akaulaza pembeni yake, huo mizizi myeupe imetawanyika kama ndevu.

"Mzee, hapa mnamwaga nini?"

Babu akajibu, "Mrututu, mwanangu. Tangu enzi za Nyerere."

Kwa asiyeujua, mrututu ni yale mawe ya bluu ambayo wazee walitibia mpaka vidonda, na ndani yake kuna shaba. Ukichanganya na chokaa unapata dawa ya ukungu wa zabibu. Kule Bordeaux, Ufaransa, miaka ya 1880, wakulima walikuwa wanaipaka mizabibu ya kando ya barabara ili wezi wakiona ile rangi wasile, ndo Millardet, mtaalamu wa mimea, akashtuka kwamba hiyo mizabibu haiugui. Dawa nzuri kwa kweli. Ila shaba haiozi na haishuki kirahisi na maji, inashikana na udongo wa juu juu. Mizabibu ya babu haina habari kwa sababu mizizi yake imeshazama chini, kunde zangu ndo zilikuwa zinakunywa palepale.

Na mmea haukai tu kusubiri kufa, hapa ndo niliponogewa. Shaba kidogo unaihitaji, ikizidi mzizi ndo unapigwa wa kwanza, ncha inaacha kurefuka, chuma hakipandi vizuri. Mmea unajitetea kwa kutengeneza vijikamba vidogo vinaitwa faitokelatini (Wajerumani walivitangaza 1985), vinakamata ile metali, nyingi inafungiwa kwenye vakuoli, kile kistoo cha ndani ya seli, huku mizizini, majani yasifikiwe sana. Ila kutengeneza hivyo vyote ni gharama, ndo maana mmea unadumaa hata kabla haujafa.

Nikafanya jaribio langu la kimaskini: makopo matatu ya sado, moja udongo wa kona, moja wa karibu na nyumba, moja wa kona niliouchanganya na samadi iliyooza na chokaa ya kilimo. Mbegu zilezile, maji yaleyale, wiki mbili nikang'oa. La kona visiki vyeusi tena. La samadi na chokaa mizizi haikufikia ya nyumbani lakini vimizizi vya pembeni vilikuwepo! Samadi inaishika shaba, chokaa inapunguza uchachu, na udongo ukiwa mchachu ndo shaba inayeyuka zaidi. Na urea yangu huwa inaongeza uchachu, kwa hiyo nilikuwa nawapelekea moto.

Tukakwangua udongo wa pale pipani tukaufukia mbali na bustani, kwingine nikamwaga samadi na chokaa nikalima kwa kina. Dawa sasa inachanganywa juu ya sakafu ya saruji, na kwa ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, tunapiga salfa, mrututu unasubiri msimu wa mvua. Babu alinuna wiki nzima kuhusu hilo.

Msichukulie kila metali ina tabia hii lakini. Kadimiamu, metali yenye sumu, inaweza kupanda mpaka kwenye majani ya mchicha na mchicha ukapendeza tu, hauna hata njano, kwa hiyo bustani ya karibu na gereji au dampo hiyo pima udongo, macho hayatakusaidia.

Kunde za kona sasa zina wiki ya tatu, majani kijani. Kila asubuhi natamani kung'oa mmoja nione mzizi, jana nilishainama kabisa, babu akaniita kutoka kibarazani, "We mjukuu wangu, zikiisha hizo tutakula mizizi?"