Siku moja na Abunuwasi: katuni kabla na baada ya kazi

Saa 11 alfajiri. Nikishaswali nawasha kompyuta. Mtaa wetu wa Ngamiani, Tanga, bado umelala na kichwa changu kiko safi. Natengeneza mfululizo mfupi wa katuni kutokana na visa vya Abunuwasi, kila kisa dakika 2. Cha kwanza ni kile cha sufuria lililozaa. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, analirudisha na dogo ndani yake, anasema limezaa. Jirani anapokea yote mawili kwa furaha. Mara ya pili anaambiwa sufuria limefariki, na aliyekubali kuzaa atakataaje kufa?

Sekunde moja ya katuni ina fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana. Mchoraji wa peke yake hawezi kuchora zote, kwa hiyo kila mchoro naukalisha fremu 2, nikachora 12 kwa sekunde. Dakika 2 mfululizo kwa mtindo huo ni michoro 1,440. Ndiyo maana mhusika akiwa amesimama anasikiliza, namwacha atulie, nasogeza macho tu. Nguvu zangu naziweka kwenye kitendo kinachobeba kisa.

Leo alfajiri ni kanzu ya jirani. Akigeuka, mwili unatangulia, pindo linabaki nyuma michoro miwili mitatu, kisha linafuata, linapitiliza kidogo, ndipo linatulia. Lisipochelewa hivyo, kanzu inaonekana kama bati. Haya nimejifunza kwa kutazama watu wakitoka msikitini siku ya Ijumaa, na naamini hakuna video ya mafunzo ingenifundisha vizuri zaidi.

Saa 2 asubuhi niko kazini, steshenari. Kutoa kopi, kuchapa barua za maombi ya kazi, kulamineti vyeti. Wateja wakipungua nachora storibodi, yaani michoro ya haraka inayopanga matukio ya kisa, nyuma ya karatasi zilizoharibika. Leo mama mmoja alileta cheti cha mwanawe. Nilipomrudishia alikipokea kwa mikono miwili, akakipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Nikakichora kitendo kile papo hapo. Jirani atalipokea sufuria dogo vilevile.

Saa 10 jioni, kurekodi. Sauti hutangulia, michoro hufuata. Sauti ya Abunuwasi ni ya mzee anayeuza kahawa mtaani kwetu.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Haya, leo tunafanya nini?”

“Leo sufuria linafariki, babu.”

Nimeegemeza godoro ukutani, nimezima feni, simu nimeiweka karibu na kidevu chake. Namwomba asisome, asimulie. Alipofika kwenye msiba alishusha pumzi, akatazama chini, akasema taratibu: “Ndugu yangu, sufuria lako Mungu amelichukua.” Kwenye maandishi yangu ilikuwa “limekufa” tu. Ya babu ndiyo iliyobaki.

Saa 1 usiku naanza midomo, kuichora ifuate sauti, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Chati nyingi za midomo zinazopatikana mtandaoni zimepangwa kwa sauti za Kiingereza. Kiswahili kina irabu 5 na silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo mdomo unafunguka karibu kila silabi. Nimejichorea chati yangu: maumbo matano ya irabu, midomo iliyofungwa kwa M, B na P, na meno ya juu kugusa mdomo wa chini kwa F na V. M ya “mtu” ni silabi nzima, hivyo midomo naifunga fremu 4 kamili. Katika “amelichukua” midomo inafunga mara moja, inachongoka kwenye “chuku”, halafu kidevu kinashuka na ile A ya mwisho ambayo babu ameivuta. Nikiipatia, mzee yule yupo kabisa kwenye skrini.

Natumia Blender, programu ya bure ya kutengeneza katuni. Filamu ya Flow kutoka Latvia ilitengenezwa kwa Blender na ikashinda Oscar mwaka 2025. Wanaoniuliza kama programu ya bure inatosha, huwa nawatajia hiyo.

Saa 3 usiku watoto wa dada yangu wanatazama kipande cha leo. Kwenye “Mungu amelichukua” walicheka mpaka jibu la jirani likamezwa. Nimemwongezea jirani fremu 36 za kimya, sekunde moja na nusu, macho yake yakihama kutoka kwa Abunuwasi hadi kwenye mikono yake mitupu. Sasa kicheko kina nafasi yake na jibu linasikika.

Mdogo wao akaniuliza, “Mjomba, kwa hiyo yule mtoto wa sufuria sasa ni yatima?”

Hilo halikuwa kwenye storibodi. Kesho alfajiri nachora sufuria dogo likiwa peke yake kwenye kichanja cha jirani, na jioni namuuliza babu kama Abunuwasi angerudi kuliazima na lenyewe.